Ziba Hilo Boksi

Wiki hii naweka programu kando niandike juu ya mbao, hewa, na pesa za watu zinazopotea hivi hivi. Wasomaji wa huku Ukambani watanielewa upesi. Wengine vumilieni, kuna hesabu mbele.

Hoja yangu sitaizungusha. Kama una gari la kawaida hapa Kitui au Makueni, Probox, Succeed, Fielder, hata Nissan ya abiria, na unataka kusikia muziki badala ya mtetemo, boksi la wufa yako lizibwe pande zote. Lisiwe na tundu. Lisiwe na lile bomba la PVC lililochomekwa mbele kama pua ya nguruwe. Fundi akikuambia kwamba boksi lisilo na tundu "halipigi", muulize swali moja tu: Vas ya wufa hii ni lita ngapi? Akikukodolea macho, chukua wufa yako na uende.

Najua nitaitwa mjuaji. Lakini nimeona kijana akiuza maembe msimu mzima Makueni, pesa yote ikaishia Luthuli Avenue kwa wufa mbili na amplifaya iliyoandikwa 3000W, kisha baada ya miezi michache koili imeungua na amebaki na boksi la kukalia. Huyo hakuibiwa na muuza wufa. Aliibiwa na boksi.

Tazama boksi linavyotengenezwa. Fundi anapima buti kwa futi kamba, anakata MDF au plaiwudi mpaka boksi litoshe na nafasi ya kreti ibaki, anatoboa shimo la wufa, halafu anaokota kipande cha bomba la maji taka la inchi nne kilichobaki mahali fulani, anakikata kwa urefu unaopendeza macho, anakigundisha. Kwisha. Katika kazi yangu, mtu akiandika programu ya benki kwa kukisia namba atafukuzwa kabla ya saa sita mchana. Kwenye wufa, kukisia ndiyo fani yenyewe, na unatozwa pesa juu yake.

Hesabu yenyewe si siri. Mmarekani Edgar Villchur alionyesha mwaka 1954, kwa spika yake ya AR-1, kwamba hewa iliyofungiwa ndani ya boksi dogo ni springi nzuri kuliko ule mpira na kitambaa vinavyoshika koni. Koni ikisukumwa ndani, hewa inabanwa na kuirudisha. Ikitoka nje, hewa inaivuta. Kisha akaja A. Neville Thiele wa Australia mwaka 1961, na baada yake Richard Small akiwa Sydney miaka ya mwanzo ya 1970, wakaigeuza tabia ya spika yoyote ile kuwa namba chache. Ndizo zile Fs, Qts na Vas zilizo kwenye kikaratasi ambacho fundi hukitupa pamoja na katoni.

Tuchukue mfano. Wufa ya inchi 12, Fs 28 Hz, Qts 0.5, Vas lita 60. Gawa Vas kwa ujazo wa boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa Qts. Jibu huitwa Qtc. Boksi la lita 60 linakupa 0.71, na hapo besi inashuka taratibu bila kuvimba popote. Boksi la lita 30 ni 0.87. La lita 20 ni 1.0, lenye kinundu kidogo cha desibeli moja na ushei ambacho watu wengi hukipenda, wanasema kina "ngumi". Nimeiandika hesabu hii kwa mistari minane ya programu, lakini kikokotoo cha simu kinatosha. Na ukitaka kuona michoro, programu ya WinISD haina bei.

Sasa tukosee kwa makusudi. Fundi apunguze lita 6 kwenye boksi la lita 60. Qtc inatoka 0.71 na kuwa 0.73. Hakuna sikio kutoka Mwingi hadi Mtito Andei litakalogundua. Boksi lililozibwa linasamehe mkono mzito, msumeno uliopinda na vipimo vya haraka.

Boksi la tundu halisamehi. Chukua hizo lita 60, tia bomba lenye kipenyo cha ndani cha sentimita 10. Ukitaka boksi lilie kwenye 35 Hz, bomba linahitaji urefu wa karibu sentimita 25. Bomba la urefu huo linagonga ukuta wa nyuma au sumaku ya wufa, basi fundi anakata sentimita 10, maana linakaa vizuri. Mlio unapanda mpaka karibu 48 Hz. Hakuna mtu amekuambia. Umelipia boksi la 35 ukapewa la 48.

Na hapo ndipo wufa inapokufa. Juu ya mlio wa bomba, boksi linaibana koni vizuri, na pale pale kwenye mlio koni karibu haisogei kabisa, kazi inafanywa na bomba. Lakini chini yake, hewa inaingia na kutoka kwenye tundu kana kwamba boksi halipo, na koni inabaki bila springi ya kuishika. Muziki ukishuka hadi 35 au 30 Hz na sauti iko juu, koni inaruka kupita kiasi mpaka koili inagonga bamba la nyuma. Ile "tak tak" unayoisikia Probox ikikupita Emali si mdundo wa kisasa, ni pesa inavunjika. Ndiyo, kuna kichujio cha kukata masafa ya chini kabisa. Amplifaya nyingi za bei nafuu hazina, na zilizo nacho, ni nani amekiweka kulingana na mlio ambao hakuna aliyewahi kuupima?

Lakini kinachonikera zaidi ya pesa ni muziki wenyewe.

Benga ya Kikamba ni muziki wa gita, na gita la besi ndani yake halikai nyuma kupiga noti moja kama ng'ombe aliyechoka. Linatembea. Sikiliza Kakai Kilonzo na Kilimambogo Brothers, sikiliza Kalambya Boys, sikiliza Katitu Boys: besi inapanda, inashuka, inajibizana na magita, ngoma ya mguu ikishika njia chini yake. Waya mnene wa gita la besi ukiachwa wazi ni kama 41 Hz. Unaofuata ni 55, kisha 73. Yaani kazi yote ya wufa iko kwenye oktava moja hivi, na ndani ya oktava hiyo kuna hadithi nzima.

Sasa weka muziki huo kwenye boksi linalovimba kwenye 48 Hz. Hiyo ni karibu kabisa na noti ya G. Kila noti iliyo jirani na G inafura, iliyo chini yake inapotea, na G yenyewe ikishalia haitaki kunyamaza. Wimbo uwe wa Kakai, uwe wa Ken wa Maria, uwe wa kwaya ya kanisa, besi inakuwa G mwanzo mpaka mwisho. Vuum, vuum, vuum. Tumewapa wapigaji wetu wa besi, watu waliosugua vidole miaka mingi, noti moja ya kupiga, kisha tunaita hiyo "sistimu kali".

Kuna jambo jingine ambalo watetezi wa tundu hawalitaji kwa sababu linawamaliza. Gari si sebule. Ndani ya gari dogo lililofungwa, masafa ya chini huongezeka yenyewe, kwa kuwa urefu wa wimbi unauzidi urefu wa chumba na wufa inakuwa kama pampu ya kubana hewa. Gari lenye urefu wa ndani wa mita 2.5 huanza kuongeza karibu na 70 Hz kwenda chini, na kinadharia ongezeko hilo ni desibeli 12 kwa kila oktava. Boksi lililozibwa nalo hupunguza desibeli 12 kwa kila oktava likishafika mwisho wake. Unaona? Kimoja kinashuka, kingine kinapanda, kwa kiwango kilekile. Kwa gari halisi haiwi sawasawa hivyo, milango inavuja na paa linatikisika, lakini unabaki na besi iliyonyooka na inayoshuka chini sana kuliko namba za boksi zinavyoahidi. Boksi la tundu hupunguza 24. Wakati gari linakusaidia, lenyewe limeshaporomoka. Na Probox, ambayo nyuma yake ni wazi mpaka kwa dereva, ni kana kwamba imetengenezwa kwa ajili ya hili.

Haki itendeke: boksi la tundu lililopigiwa hesabu linatoa sauti kubwa zaidi kwa wati zilezile karibu na mlio wake. Hilo ni kweli na sitabishana. Ukiwa na matatu na unataka watu wa stendi ya Wote wajue umefika kabla hujakata kona, tundu litakusaidia, ingawa Kanuni za NEMA za Kelele na Mitetemo za mwaka 2009 nazo zipo. Tena kuna wufa zilizozaliwa kwa ajili ya tundu: gawa Fs kwa Qes, ukipata karibu na 100 mpe tundu lake, ukipata karibu na 50 liache. Ninachokataa ni tundu la kukisia, na tundu la kukisia ndilo ninaloliona kila siku.

Boksi lililozibwa linataka wati zaidi, basi nunua wati za kweli. Angalia fyuzi ya amplifaya. Fyuzi ya ampea 30 kwenye volti 14 hairuhusu zaidi ya wati 420 kuingia, na zinazotoka ni chache kuliko hizo. Hiyo 3000W kwenye kibandiko ni rangi tu. Wati 300 za kweli ndani ya Probox zitakufanya uombe msamaha kwa abiria wako.

Na vumbi je? Barabara ya Kibwezi, Mutomo hadi Kitui imetiwa lami miaka hii ya karibuni, lakini acha lami kidogo tu uone. Kila koni ikisukuma, tundu linavuta ule unga mwekundu ndani, unakwenda kukaa kwenye pengo jembamba la koili. Boksi lililozibwa haliingizi kitu. Wala mjusi.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi, nenda na namba zako zimeandikwa. Ujazo uwe wa ndani, umetoa unene wa mbao na nafasi inayochukuliwa na wufa yenyewe. MDF ya milimita 18, ukuta wa mbele uwe mara mbili kama mfuko unaruhusu, gundi ya mbao kwenye kila ungio, skrubu si misumari, silikoni pembeni kwa ndani, na iachwe ikauke kabisa kabla wufa haijaingia. Ukilazimika kutumia boksi dogo kuliko hesabu inavyotaka, jaza pamba ya mito kiasi, wufa italiona kubwa kidogo. Tundu la nyaya lizibwe pia, maana mafundi hulisahau. Kabla hujalipa salio, weka vidole vya mikono yote miwili pande zote za koni, isukume ndani polepole kwa usawa kisha iachie. Boksi lililozibwa kweli litakusukuma na koni itarudi kwa kujivuta. Ikirudi papo hapo kama mlango wa choo cha stendi, kuna mahali linavuja. Mwambie alifungue tena.