Mbele ya Nyumba Yako Si Kwako

Kuna sentensi moja ambayo hapa Dar es Salaam humaliza ugomvi wowote wa mtaani: "Nimepaki mbele ya nyumba yangu." Ikishatamkwa, mjumbe hunyamaza, mwenyekiti wa serikali ya mtaa hukuna kichwa, na aliyekuja kulalamika huondoka akiona haya, kana kwamba yeye ndiye aliyeingia uani kwa watu bila hodi. Hakuna anayeuliza hiyo "mbele" ni ya nani.

Ni ya mpita njia. Ni ya mtoto wa darasa la pili anayekwenda shule, ya mzee anayerudi kuswali alfajiri, ya maji ya mvua, ya bomba la DAWASA na nguzo ya TANESCO. Mwenye nyumba ana haki ya kupita hapo kama wengine wote. Zaidi ya hiyo hana.

Pita Mwananyamala, Kijitonyama, Tandika au Mtoni Kijichi jioni watu wanaporudi kazini, uone imani hii ilivyokomaa. IST imesukumwa hadi pua yake imegusa ukuta, mkia uko barabarani. Pembeni yake kuna tairi lililozikwa nusu na kupakwa rangi nyeupe, na ndoo ya rangi iliyojazwa zege, nondo imechomoza katikati, ili mwingine asije akachukua nafasi mchana mwenyewe akiwa mjini. Ukutani kumeandikwa kwa brashi: UKIPAKI TUNATOA UPEPO. Yaani mtu anamtishia mwenzake kumtolea upepo wa matairi kwa sababu ameegesha mahali ambapo wote wawili hawapamiliki. Nyumba ya tatu kutoka hapo kuna Corolla iliyokufa injini, imepandishwa juu ya matofali, kuku wanatagia kiti cha nyuma. Mwenyewe anasubiri spea. Nyumba ya nne, gereji bubu: fundi amelala chini ya Noah, miguu iko njiani, oili inachuruzika kuelekea kwa mama muuza vitumbua.

Katika yote hayo hujasikia hata mtu mmoja akisema samahani. Wanaona ni haki.

Imani hii ina mizizi, na mizizi yake si ileile kila mahali. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni vilipimwa viwanja miaka ya 1970 katika mradi wa viwanja na huduma uliogharimiwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ukaja mradi wa viwanja 20,000, uliozaa mitaa ya Kibada, Tuangoma, Bunju na kwingineko pembezoni. Huko kila kiwanja kina ramani na bikoni, na bikoni haina maneno mengi: hapa ndipo unapoishia. Wenye viwanja wanazijua bikoni zao vizuri sana. Jirani akisogeza ukuta futi moja, mtu anaita mpimaji, anaita wakili, anaita shemeji yake aliyewahi kufanya kazi ardhi. Lakini mtu huyohuyo akigeukia upande wa barabara anakuwa kipofu. Bikoni ya ubavuni ni amana, bikoni ya mbele ni jiwe tu.

Mbagala, Yombo, Tandale na sehemu kubwa ya jiji hili hadithi ni nyingine, na hapa ndipo wanaonipinga wana hoja ya maana. Huko watu walinunua ardhi kwa hatua, au "ishirini kwa ishirini", mbele ya mashahidi wawili na mhuri wa mtaa. Muuzaji hakuacha barabara. Aliuza mpaka kwenye mti wa mwembe. Njia ilipatikana baadaye, nyumba zilipokwisha kuota, watu wakaitana kwenye kikao wakakubaliana kila mmoja arudi nyuma kidogo ili gari la msiba na la mgonjwa lipite. Kwa hiyo mzee wa Mbagala akikwambia, "Mwanangu, hapa unapopita nilipatoa mimi," hasemi uongo. Alitoa kweli, na bila fidia.

Shikamoo yake naitoa kwa mikono miwili. Lakini kilichotolewa kimetolewa. Majirani wa upande wa pili nao walirudi nyuma, na walirudi kwa sababu yeye alirudi. Leo akiegesha Harrier pale alipopatoa, hajachukua tena chake. Amechukua na cha wale waliomwamini kikaoni. Na mara nyingi anayeegesha si mzee mwenyewe. Ni mtoto wake, au mtu aliyeinunua nyumba juzi na ambaye hajui hata kama kikao kilikuwepo.

Wapo wanaosema hii ni mila yetu, kwamba mbele ya nyumba ya Mswahili daima kumekuwa kwa mwenye nyumba. Hiyo si kweli hata kidogo. Nyumba ya Kiswahili iliyojaza Kariakoo, Magomeni na Temeke ilikuwa na ukumbi katikati, vyumba huku na huku, ua nyuma na baraza mbele. Mambo ya ndani yalikuwa ndani, na ua ulikuwa wa wanawake wa nyumba na masufuria yao. Baraza ndipo nyumba ilipojitoa kwa mtaa: bao linachezwa, kahawa inapita, mgeni asiyejulikana anakaribishwa kukaa kabla hajasema shida yake. Nafasi iliyo mbele ya baraza ilikuwa ya wote, na mpaka leo tunalijua hilo mtu anapofiwa. Turubai linafungwa katikati ya njia, viti vinapangwa, bodaboda wanazunguka nyuma bila kulalamika. Lakini matanga huanuliwa. Gari la jirani ni msiba usioanuliwa matanga.

Tuje kwenye sheria, kwa ufupi, maana si kwamba haipo. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 ilipanua hifadhi ya barabara kuu na za mikoa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande kutoka katikati. Watu wa Kimara hadi Kiluvya wanajua maana ya neno hifadhi kuliko mwanasheria yeyote: mwaka 2017 nyumba zao zilianguka kupisha upanuzi wa Barabara ya Morogoro, na walioambiwa wamo ndani ya hifadhi hawakupata fidia. Huku mitaani kwetu barabara ziko chini ya TARURA tangu mwaka huohuo wa 2017, na upana wake ni mdogo, lakini kanuni ni ileile. Sijawahi kuona X nyekundu imechorwa kwenye boneti la gari.

Na hilo ndilo linalonikera kuliko yote. Oktoba 2021 jiji hili liliwaondoa machinga kando ya barabara. Meza zilibebwa, vibanda vikavunjwa, tukaambiwa njia za waenda kwa miguu lazima ziwe wazi, na wengi wetu wenye magari tulipiga makofi kwa sababu jiji lilipendeza. Sawa. Mama mwenye meza ya nyanya alikuwa anachukua mita moja ya mraba, anakaa hapo mchana, na meza ile ndiyo iliyolipa ada na sare za watoto. Gari dogo linachukua mita za mraba saba, linakaa hapo usiku kucha na Jumapili nzima, na halimlishi mtu wakati limelala. Mama aliitwa mvamizi wa hifadhi ya barabara. Mwenye gari anaitwa mwenye nyumba.

Ndugu zangu wa Mbezi Beach na Mikocheni wasijione wako salama kwa sababu magari yao yako ndani ya geti. Wao ndio waliotuletea bustani za nje ya ukuta: ukoka uliokatwa vizuri, maua, mawe ya chokaa mstari mmoja, na katikati ya maua vyuma vilivyochongoka ili pasipite tairi wala mguu. Nikiambiwa nichague, nitachagua bustani, maana angalau nyasi zinanywa maji. Lakini mpita njia aliyesukumwa barabarani na maua amesukumwa barabarani.

Maji sasa. Hapa naomba tusimame kidogo.

Mtaro wa barabara ya mtaa huchimbwa mmoja, lakini kila mwenye gari hujenga daraja lake. Anaita fundi, anamwambia "niwekee kalavati gari lipande." Fundi anauliza bajeti. Wa kwanza anaweka bomba la zege la kutosha mtu kutambaa. Wa pili bajeti ni ndogo, anaweka bomba la plastiki la kuingia kichwa cha mtoto. Wa tatu hana bajeti kabisa, anajaza kifusi mtaroni, anamwaga zege juu, anasema maji yatajua yenyewe. Mbele ya nyumba wa kwanza kaacha udongo. Wa pili na wa tatu wametandika pevingi ukuta hadi lami, maana gari haliwezi kulala kwenye tope. Masika inapokuja, maji ya mtaa mzima yanapita vizuri kwa wa kwanza, yanapunguzwa kwa wa pili, yanagonga kifusi cha wa tatu na kurudi nyuma. Hayamwingilii aliyeziba, maana yeye aliinua kibaraza chake alipotandika pevingi. Yanamwingilia mpangaji wa nyumba ya chini, asiye na gari, anayeamka saa nane usiku kuinua godoro na gunia la mchele juu ya meza.

Asubuhi tunalaumu mabondeni. Tangu mafuriko ya Desemba 2011 yaliyoua makumi ya watu jijini, tumezoea kusema wakazi wa bonde la Msimbazi wamejitakia, kwa nini wakajenga kwenye njia ya maji. Ni swali la haki. Lakini sisi wa juu tumejenga juu ya njia ya maji na kuegesha juu yake, kisha tunawashangaa walio chini kwa kupokea tulichowatumia.

Nimesikia wanaodai kwamba ni mtaro mmoja tu, gari moja tu, nikuache ulale. Basi ulizia siku gari la kunyonya choo lilipoitwa kwa jirani yako. Shimo limejaa, watu wamechanga fedha, lori limefika kwenye kona, limekwama kwa sababu ya Alphard ambayo mwenyewe amekwenda harusini Bagamoyo na funguo zake. Lori la taka nalo ni vilevile. Tunalipa ada ya taka kila mwezi, na takataka zinaishia kubebwa na kijana wa mkokoteni ambaye hatujui anazimwaga wapi. La zimamoto nisiliseme.

Sasa nije kwa swali ambalo huulizwa kwa ukali, kama silaha ya mwisho: "Unataka gari nililaze wapi?"

Gari lako limetoka Japani, kama mengi ya hapa mjini. Huko, kwa sheria ya mwaka 1962, mtu anayetaka kusajili gari kama hili anatakiwa kwanza apate cheti cha polisi kuonyesha kwamba ana mahali pa kuliweka, nje ya barabara, si zaidi ya kilomita mbili kutoka kwake. Kwa miaka mingi cheti hicho kiliambatana na kibandiko kidogo cha duara kwenye kioo cha nyuma, na magari mengine hushuka bandarini bado yanacho. Kakiangalie. Unaweza kukuta gari linalolala juu ya mtaro wa Tandika lina ushahidi mgongoni kwamba mwenyewe wa kwanza aliambiwa: bila nafasi, hakuna gari. Wajapani hawakuwa na ardhi nyingi kuliko sisi. Walikataa tu kumpa mwenye gari ardhi ya wengine bure.

Wala huna haja ya kwenda Tokyo. Nenda Manzese au Tandale, kwenye nyumba ambazo gari haliwezi kufika mlangoni hata kwa maombi. Wapo wenye magari huko. Wanayalaza kwenye sheli au kwenye yadi yenye mlinzi, wanalipa kwa usiku, wanatembea kwa miguu hadi nyumbani, na asubuhi wanatembea tena. Hawajafa. Kinachonishangaza ni kwamba mtu wa uchochoroni anaweza kulipia usingizi wa gari lake, na mwenye kiwanja kilichopimwa hawezi.

Hawezi kwa sababu nafasi alikuwa nayo akaiuza. Hili ndilo halisemwi. Kiwanja kilikuwa na uwazi mbele wa kutosha gari mbili. Akajenga fremu: moja ya wakala wa fedha, moja ya saluni, moja ya duka la vipodozi, moja imefungwa inasubiri mpangaji. Kila mwezi anakusanya kodi ya ile ardhi ambayo gari lake lingelala, kisha anatoka nje na kulilaza gari kwenye ardhi yetu. Anakula kodi mara mbili, moja kwa wapangaji wake na nyingine kwa miguu ya majirani.

Mwenye fremu nne akiniuliza tena alaze gari wapi, nitamwonyesha ile iliyofungwa.