Gears of War: Judgment: tuliihukumu bila kuisikiliza

Wasee, najua mlitaka niongee kuhusu GTA 6. Hiyo itajiongelea yenyewe. Leo natetea gemu ya 2013 ambayo karibu kila shabiki wa Gears ninayemjua hapa Nyeri aliiruka.

Jamaa wa kibanda cha gemu pale Majengo, tulipokuwa tukishinda tukitoka shule, amefunga kazi. Watoi siku hizi wanacheza kwa simu, nani atalipa mbao kwa nusu saa? Alikuwa anauza vitu vyake, nikachukua Xbox 360 moja, padi mbili (moja inavuta kushoto) na sidii kadhaa. Gears 3 imekwaruzwa mpaka haisomi. Judgment iko safi kama imetoka dukani. Hapo tu unajua ni gani ilipendwa.

Na tulikuwa na sababu. Judgment walipewa People Can Fly, Wapolandi, wakishirikiana na Epic, na kitu cha kwanza walichofanya ni kubadilisha vidole. Silaha ikawa unabadilisha kwa Y, guruneti unarusha na LB. Sisi tuliozoea ile ya zamani tulijilipua wiki nzima. Halafu huchezi na Marcus Fenix. Halafu stori imekatwakatwa vipande vifupi, kila kimoja unapewa nyota mpaka tatu kama mtoi wa nasari. Hiyo ya nyota mpaka leo inaniboo, sitadanganya.

Lakini nikiwa mdogo sikusikiliza stori, nilikuwa nafinya tu kitufe niruke maneno. Sasa nimesikiliza.

Ni miaka 14 kabla ya Gears ya kwanza, muda mfupi tu baada ya Locust kutoka ardhini. Baird, luteni kijana mwenye mdomo, yuko mbele ya Kanali Loomis na mikono imefungwa. Kosa lake ni kutumia kombora kubwa la jeshi bila ruhusa. Wenzake watatu, Cole, Sofia na Paduk, wanashtakiwa naye, na kila mmoja anatoa ushahidi kwa zamu yake. Tunachocheza sisi ndio huo ushahidi. Nje mji bado unaliwa na Locust, lakini kesi inaendelea.

Sasa cheki hii. Kila mahali ukutani kuna fuvu jekundu linalowaka. Ukiligusa, mshtakiwa anaongeza kitu ambacho hakuwa amesema: kulikuwa na vumbi hatukuona mbele, tulikuwa na dakika chache tu. Gemu wanaita Declassified. Ukikubali, hiyo sehemu inakuwa ngumu kweli kweli, lakini nyota zinajaa haraka. Ukikataa unapita tu, na kesi inasonga bila hiyo habari.

Sisi wa Nyeri tungeshika hiyo kitu kabla ya watu wengine. Dedan Kimathi alihukumiwa hapa hapa mjini Novemba 1956, kesi ya bastola na risasi. Rekodi za kesi zikapotea kwa miaka mingi, mpaka Julie MacArthur akazichapisha kwa kitabu 2017. Shuleni tulifundishwa alinyongwa Februari 18, 1957, tukapewa maksi, basi. Sikuwahi kujiuliza alisema nini kortini. Silinganishi Baird na Kimathi, msinirushie mawe. Nasema tu ilibidi nicheze gemu ya Wapolandi ndio nijiulize.

Mimi pia nilikuwa na kesi. Nilipoacha chuo mwaka wa pili nilikalishwa chini kwa anko, Othaya. Mathe, tata wawili, chai kwa thamosi, hakuna aliyepandisha sauti. Anko akauliza, "Ni nini kilitokea?" Nikasema fee. Wakatikisa vichwa, tata mmoja akanihurumia. Nikapita bila kugusa fuvu.

Kulikuwa na fee. Mathe alikopa kwa chama, akanitumia ya semesta nzima. Nusu ndiyo kamera ninayowarekodia nayo. Na darasani nilikuwa nimeacha kuingia kabla hata hiyo pesa haijafika. Deni bado analilipa kila mwezi kutoka kwa duka lake.

Ukiwa na Xbox One au Series, Judgment inaingia. Juni 2024 walitangaza Gears of War: E-Day, inayorudi siku yenyewe Locust walipotoka, na hype ikianza watu wataongea kana kwamba hakuna aliyewahi kurudi nyuma hivyo. Cheza hii kwanza, na Declassified iwe juu toka mwanzo, hata ukifa mara kumi. Mimi pale kwa paa nilikufa kumi na mbili.

Jumapili naenda Othaya. Mathe haingii huku, lakini binamu zangu wako hapa, na mnajua mlivyo. Nipeni mpaka Jumapili.