Mkono wa Kijana na Hesabu ya Mkataba

Besiboli ni mchezo upendwao mno katika Marekani, Japani na Kuba, na katika mchezo huo hakuna mtu atazamwaye zaidi kuliko mrushaji, yaani yule amtupiaye mpira mpigaji wa timu pinzani. Kila mwaka klabu za ligi kuu ya Marekani hukabiliwa na swali hili: je, mrushaji kijana aliyeanza kung'ara arefushiwe mkataba sasa, au asubiriwe mpaka athibitike? Wengi hulijibu kwa hisia. Maoni yangu ni kwamba swali hili ni la hesabu ya uwezekano, tena ni somo linalofaa madarasa yetu ya sekondari, maana linatufundisha namna ya kuamua jambo leo ilhali kesho haijulikani.

Kwanza tuutazame mkono wenyewe. Mpira wa besiboli una uzito wa gramu 145 hivi, na mrushaji husimama mita 18.44 kutoka mahali pa mpigaji. Mpira ukirushwa kwa kasi ya kilomita 150 kwa saa, huumaliza mwendo huo kwa muda usiofika nusu sekunde. Kasi hiyo ina gharama yake. Mwaka 1995 Glenn Fleisig na wenzake walichapisha vipimo vilivyoonyesha kuwa kiwiko cha mrushaji hupambana na momenti ya newtoni-mita 64 hivi katika mrusho wa nguvu. Kano iliyo upande wa ndani wa kiwiko, ilipopimwa katika viungo vya maiti, ilikatika kwa takriban nusu ya kiasi hicho. Sehemu iliyosalia hubebwa na misuli. Misuli ikichoka, kano huelemewa.

Hapo zamani kano ikikatika, kazi ya mrushaji ilikuwa imekwisha. Mwaka 1974 daktari Frank Jobe alimpasua mrushaji Tommy John, akamtengenezea kano mpya kwa kutumia kano iliyotolewa katika mkono wake wa pili. John alirudi uwanjani mwaka 1976, akaendelea kucheza mpaka mwaka 1989. Tangu hapo upasuaji huo umewaokoa wengi. Hata hivyo, humweka mchezaji nje kwa mwaka mzima au zaidi, na si wote warudiao hali yao ya kwanza.

Sasa tutazame mkataba. Kwa kanuni za ligi hiyo, klabu humiliki haki ya kumtumia mchezaji kwa miaka sita ya utumishi. Katika miaka mitatu ya mwanzo, aghalabu hulipwa kima cha chini au zaidi yake kidogo. Mwaka 2025 kima hicho kilikuwa dola 760,000. Baada ya hapo mshahara wake huweza kuamuliwa na wasuluhishi, nao hupanda mwaka hata mwaka. Miaka sita ikitimia, yu huru kwenda atakako. Kwa hiyo klabu inayomrefushia kijana mkataba kwa miaka ile sita tu hufanana na mtu anunuaye ng'ombe aliyekwisha kuwa zizini mwake: hupata bei isiyobadilika, lakini haongezi mfugo. Faida kubwa zaidi imo katika miaka ifuatayo ile ya sita.

Tuchukue mfano wa kubuni. Klabu inataka kununua mwaka mmoja wa baadaye wa kijana fulani. Akiwa mzima, kazi yake ya mwaka huo itakuwa na thamani ya dola milioni 20. Akiwa ameumia, thamani yake ni sifuri. Uwezekano wa kuumia katika msimu ulio mbele yake ni moja kwa tano, na kwa urahisi wa hesabu tuchukulie kuwa baada ya msimu huo hakuna hatari nyingine. Thamani ya kutarajiwa ni milioni 20 mara nne ya tano, yaani milioni 16. Kijana akikubali milioni 12 leo, klabu hutarajia faida ya milioni 4. Ikisubiri msimu upite, na kijana akabaki mzima, naye atajua thamani yake na kudai, tuseme, milioni 19. Faida ni milioni 1, na kwa kuwa hupatikana mara nne tu katika tano, wastani wake ni milioni 0.8. Hapo kusubiri ni hasara. Lakini kijana akidai milioni 15.5 leo, faida ya leo ni milioni 0.5 tu, na kusubiri ndiko bora. Kumbe jambo la kuamua si umri wala sifa za magazetini. Ni bei ikilinganishwa na hatari.

Mifano ya kweli inathibitisha hayo. Mwezi Desemba 2011 klabu ya Tampa Bay ilimpa Matt Moore mkataba wa miaka mitano wa dola milioni 14, ilhali alikuwa amecheza mechi tatu tu za msimu wa kawaida. Mwaka 2014 alipasuliwa kiwiko. Mwaka 2012 klabu ya San Francisco ilimpa Madison Bumgarner mkataba wa miaka mitano wa takriban dola milioni 35, na mwaka 2014 akawa mchezaji bora wa fainali za ubingwa. Mwezi Oktoba 2022 klabu ya Atlanta ilimpa Spencer Strider miaka sita kwa dola milioni 75. Mwaka 2023 alishinda michezo 20, zaidi ya mrushaji mwingine yeyote wa ligi kuu. Aprili 2024 kiwiko chake kilipasuliwa.

Watu husema Bumgarner alikuwa uamuzi wa busara na Moore kosa. Sikubaliani nao. Uamuzi hupimwa kwa yale yaliyojulikana siku ulipofanywa, si kwa yaliyotokea baadaye. Bei ya Moore ilikuwa ndogo kwa sababu hatari yake ilikuwa imekwisha kuhesabiwa ndani yake.

Lakini kuna upande wa kijana. Klabu ina warushaji wengi, hivyo hasara ya mmoja hufidiwa na faida ya mwingine; kijana ana mkono mmoja tu wa kurushia. Milioni za kwanza humwondoa katika umaskini, za mwisho humwongezea starehe tu. Ndiyo maana hukubali bei iliyo chini ya thamani yake ya kutarajiwa, kama vile sote tulipavyo bima. Punguzo hilo ni halali, ila likizidi kiasi hugeuka kuwa unyonyaji wa hofu yake.

Basi, wakati ufaao kumrefushia mkataba ni baada ya msimu mmoja kamili au miwili, kabla ya miaka ya usuluhishi kuanza, mkono wake ukiwa umepimwa barabara, miaka iliyo baada ya ile sita ikiwamo, na bei ikiwa imepunguzwa kwa kadiri ya hatari tu. Walimu wa hisabati wanaweza kuubadili mfano wetu: je, uwezekano wa kuumia ukiwa moja kwa tatu, klabu ilipe kiasi gani? Na kijana adai kiasi gani?