Binti, mada yako imepanda daladala

Wiki hii nimegeuzwa mhadhiri bila mshahara.

Jumapili nimejikalia zangu barazani napunga upepo, mara hodi. Kucheki, mtoto wa jirani yangu, yule anayesoma saikolojia chuo kikuu, mwaka wa tatu. "Shikamoo anko." Marahaba. Nikajua huyu hakuja kunisalimia tu, maana macho mekundu na mkononi kashika bahasha ya kaki.

Ndani mna karatasi mbili. Ya kwanza imeandikwa "Sonona kwa Vijana wa Tanzania", supavaiza kaipiga mstari mwekundu kutoka kona mpaka kona. Ya pili, "Athari za Mitandao ya Kijamii kwa Akili ya Binadamu". Hiyo hata mstari haikupata, chini pana swali moja tu: "Binadamu yupi?"

Nikacheka. Si kumcheka yeye, nilijikumbuka mimi. Enzi zangu za ualimu saikolojia lilikuwa somo la lazima, nami nikapeleka mada inaitwa "Umaskini na Tabia za Watanzania". Mwalimu akaniuliza nitaanzia mkoa gani na nitamaliza mwaka gani. Nilitoka mle ofisini kijasho kinanitiririka.

Sasa binti zimembakia siku kumi na mbili. Na kuna kijana mmoja wa steshenari jirani na chuo anamuuzia kazi iliyokwisha, imechapwa na kujalidiwa, kwa laki moja na nusu. Bumu limetoka, pesa ipo. "Anko, ninunue tu? Sitaki kudisko."

Hilo sikulitolea hotuba. Nilimuuliza siku ya kujitetea mbele ya wahadhiri, kijana wa steshenari atakaa kiti gani? Na kazi hiyo kashawauzia wangapi? Akanyamaza, tukaendelea.

Nikamuuliza kwa nini alichagua sonona. Hapo ndipo machozi yalipotoka. Kumbe kaka yake tangu apunguzwe kazini hatoki chumbani. Hali, haongei, simu kaizima. Mpenzi msomaji, nilikiweka kikombe cha chai chini.

Nikamwambia, mwanangu, sababu unayo, tena nzito. Lakini mchana utawahoji watu kumi wenye hali kama ya kaka yako, usiku unarudi nyumbani unamkuta mwenyewe. Nani atakubeba wewe? Wapo wanaoandika juu ya kidonda chao wakaandika vizuri sana, ila wengi wao kidonda kilikuwa kimeshafunga. Cha kwako bado kinavuja. Kaka hahitaji kuandikwa kwenye tasnifu, anahitaji kufika hospitali akamwone daktari wa magonjwa ya akili. Tukakubaliana mimi na mama yake tutampeleka Jumatano.

Alipotulia nikamuuliza swali la kijiweni: wiki hii kitu gani kimekuudhi?

Akasema juzi asubuhi kituoni Mwenge, konda alimsukuma mtoto wa shule atoke mlangoni kwa kuwa nauli ya mwanafunzi ndogo. Daladala imejaa watu wazima, hakuna aliyefungua mdomo. "Na mimi mwenyewe nilinyamaza, anko. Mpaka leo roho inaniuma."

Basi bwana, nikapiga paja. Mada si hiyo!

Nikampa kisa cha New York. Mwaka 1964 dada mmoja, Kitty Genovese, aliuawa usiku karibu na kwake, na gazeti la New York Times likaandika kwamba watu 38 waliona wasifanye kitu. Baadaye ikaja kujulikana kuwa hesabu ile ilitiwa chumvi sana. Lakini wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, walikuwa wameshakamata kitu. Hawakuandika "Roho Mbaya za Wamarekani". Walijiuliza kijiswali kimoja: idadi ya waliopo inabadilisha nini?

Wakawaweka wanafunzi kila mtu chumba chake, wanaongea kwa hedifoni na maikrofoni. Mara mmoja anasikika kama kashikwa na kifafa. Waliodhani wako peke yao na mgonjwa, asilimia 85 walitoka kuomba msaada kabla hajanyamaza. Waliodhani kuna wengine wanne wanasikia pia, asilimia 31 tu. Hiyo ilichapishwa mwaka 1968, na bado inafundishwa.

Sasa utamu wenyewe huu hapa. Mwaka 2020 Richard Philpot na wenzake walichapisha utafiti wa ugomvi 219 ulionaswa na kamera za mitaani Uingereza, Uholanzi na Afrika Kusini. Katika ugomvi tisa kwa kila kumi, mtu angalau mmoja aliingilia. Na watu walivyokuwa wengi, ndivyo ilivyokuwa rahisi apatikane wa kuingilia. Kwa hiyo mjadala haujafungwa, na konda wa Dar hayumo kwenye kamera zile.

Binti akaniuliza kama konda na mtoto wa sare ni mambo ya kisomi kweli. Nikamjibu kwamba mwaka 2008 Jeffrey Arnett alipitia majarida makubwa ya saikolojia ya Marekani, akakuta asilimia 96 ya waliochunguzwa ni wa nchi za Magharibi zenye viwanda. Mwenge hapajajaa watafiti, mwanangu, pamejaa abiria.

Tukaanza kuipunguza. Kituo kimoja, asubuhi saa kumi na mbili hadi saa mbili, wiki mbili. Kila mwanafunzi anapozuiwa, anaandika watu wazima wangapi walikuwa karibu, nani aliongea, alisema nini. Baadaye anahoji watu wazima kumi na tano. Watoto asiwahoji, hilo lina taratibu zake ndefu. Asimpange konda amsukume mtoto ili aone itakuwaje, huo ni unyama. Na asianze bila kibali cha chuo. Nikamwambia pia amjaribishe mama ntilie: mweleze mada kwa sentensi moja. Akikujibu "mimi naona...", unayo. Akikujibu "hongera mwanangu", rudi kajipange.

Jumatano tukampeleka kaka. Alikubali kwa shida, mama kamshika mkono njia nzima. Kituoni, kama vile kapangwa, konda akamzuia mtoto wa sare. Nikamwona binti anaganda. Mimi mwenyewe, na elimu yote niliyomwaga barazani, nikatazama viatu vyangu. Aliyefoka ni mama yake, tena alifoka mpaka dereva akageuka. Mtoto akapanda.

Binti kanong'ona, "Anko, huyu ningemhesabu?" Nikamwambia hapana, kibali huna na huyo ni mama yako.

Kaka kapewa dawa na tarehe ya kurudi. Mada nayo imerudi kwa supavaiza. Safari hii hakuna mstari mwekundu, ila kuna swali: "Abiria waliosimama au waliokaa?" Binti kaniambia anaenda kuchungulia.

Tuonane wiki ijayo.