Lord Erroll: Udaku Tunaujua, Kazi Je?

Wasee, kama umewahi kupanda mat ya 111 kutoka tao kwenda Ngong, ukifika Karen unapita karibu na mahali palipopatikana Buick moja usiku wa kuamkia Januari 24, 1941. Ndani kulikuwa na maiti ya Josslyn Hay, Lord Erroll, bwanyenye wa Uskoti, miaka 39. Alipigwa risasi ya kichwa. Jock Delves Broughton, ambaye mkewe Diana alikuwa na uhusiano na Erroll, alishtakiwa na akaachiliwa. Mpaka leo hakuna aliyepatikana na hatia. Vitabu vimeandikwa, na filamu ikatoka 1987.

Lakini swali langu si nani alimuua. Nauliza, alipokuwa hai alikuwa anamfanyia nani kazi?

Jamaa alifukuzwa Eton, ile shule ya matajiri Uingereza. Mimi mwenyewe niliacha chuo, kwa hivyo sitamcheka hapo. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na jina la kumbeba. 1928 akarithi cheo cha babake. 1934 akajiunga na mafashisti wa Oswald Mosley. 1939 akaingia Baraza la Kutunga Sheria kuwakilisha Kiambu. Vita vilipoanza akawa katibu wa kijeshi, na wengi waliomjua walisema kazi hiyo aliiweza.

Sawa, mchapakazi. Lakini hicho kiti cha Kiambu kilikuwa cha Wazungu, na kura zilikuwa za Wazungu. Mkikuyu aliyekuwa akilima pale hakuulizwa kitu. Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza hilo, Eliud Mathu, aliingia 1944, na hata yeye aliteuliwa tu. Waafrika walichagua wajumbe wao mara ya kwanza 1957.

Sasa angalia: wapenzi wa Erroll tunawajua kwa majina, lakini ni nani kati yetu anaweza kutaja hoja moja aliyotoa Barazani? Na usidhani hiyo ni mambo ya kale. MCA wako wa Kawangware au Riruta unajua gari lake, unajua nani alimuacha. Je, unajua alipitisha nini mwaka huu?

Babu zetu walinyimwa kura. Sisi tunayo, na bado tunaitumia kama watazamaji wa sinema. Udaku ni mtamu, hata mimi naupenda. Lakini kabla ya 2027, uliza kazi kwanza.