Tulinde majina yetu, tusigeuke mashushushu

Makamanda, akaunti feki yenye jina lako inaweza kukuchafua kabla hujashtuka. Ndiyo maana hapa Mwese, kila Jumapili usiku, seva yangu ya Linux inaendesha Sherlock, programu huria inayosaka jina la mtumiaji kwenye mitandao zaidi ya 400. Cron ndiyo inaiamsha. Nimeipa akaunti yake, haina mamlaka ya root, na faili la majibu nalisoma mimi tu. Kila jibu nalihakiki kwa macho, maana programu nayo hukosea.

Ila nasaka majina ya walioridhia tu. Tukianza kuwachimba wenzetu, tuna tofauti gani na wanaotuchungulia? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inatuhusu na sisi.