Vifaranga bila mifuko ni zawadi ya picha

Wiki hii tuongee kuku, lakini si wa chipsi.

Siku hizi washikaji wakichangishana kwa ajili ya kituo cha watoto yatima, dili ni mradi wa kuku wa mayai. Wazo poa, maana sabuni na soda za sikukuu huisha kesho yake. Wanapeleka vifaranga 200, wanapiga picha, wanasepa. Hapo ndipo noma inapoanza.

Kuku wa mayai hataga mpaka afikishe wiki 18 hadi 20. Muda wote huo anakula tu, na mpaka yai la kwanza litoke ameshamaliza kama kilo 7. Zidisha kwa 200: kilo 1,400, yaani mifuko 28 ya kilo 50. Nani ananunua? Mama mlezi, kwa hela ya unga wa watoto! Kwa hiyo vifaranga vinakula ugali wa yatima, halafu mwezi wa tatu vinauzwa kwa bei ya kutupa.

Wakishaanza kutaga, kuku 200 wanaweza kukupa mayai 160 kwa siku. Kama kituo kina watoto 40, kila mmoja ale lake kwanza. Yanabaki 120, trei nne. Kuku hao hao wanakula kilo 24 kwa siku, karibu nusu mfuko. Sasa nenda dukani kwenu ulinganishe: trei nne na nusu mfuko. Chenji ni ndogo, bwana! Asikudanganye mtu kwamba itajenga ghorofa. Faida kubwa ni lile yai kwenye sahani ya mtoto. Mbolea nayo wauzieni wakulima wa mchicha.

Halafu kuna kideri. Kikiingia bandani hakina dawa, na banda zima linaweza kwisha ndani ya siku chache. Kinga ni chanjo, na inarudiwa kila miezi mitatu. Alipwe mtu mzima wa kulihudumia banda, watoto waende shule.

Kwa hiyo washikaji, mkiwa na hela ya vifaranga 200, nunueni 50. Inayobaki iwe mifuko na chanjo. Kwenye picha watapendeza kidogo, lakini mwezi wa sita watakuwepo.

Tuonane wiki ijayo!